Hedifoni nzuri kwa pesa kidogo: mwongozo kamili kwa mwenye kicheza muziki cha mfukoni

Ukiwa na pesa chache, usianze kutafuta hedifoni kwa jina la kampuni wala kwa ukubwa wa maandishi ya besi yaliyo kwenye boksi. Anza na mambo mawili unayoyajua kuliko muuzaji yeyote: kifaa kilichomo mfukoni mwako, na mahali utakapokaa kusikiliza. Ukiyajua hayo vizuri, hedifoni ya shilingi elfu moja na kitu inaweza kukupa raha ambayo ya elfu sita iliyonunuliwa kwa pupa haitakupa. Nalisema hili kwa uchungu, maana hapa Mombasa, kuanzia Digo Road mpaka Kongowea, watu wananunua iafoni za barabarani, zile ndogo za kutia sikioni, kila mara. Inakufa sikio moja, inanunuliwa nyingine, nayo inakufa vilevile. Mwaka ukiisha pesa zilizokwenda zingetosha kununua kitu cha kudumu, na muziki wenyewe haujasikika bado.

Hatua ya kwanza: kijue kifaa chako

Kichukue kicheza muziki chako ukitazame tundu lake. Vingi vina tundu la duara la milimita 3.5, lilelile lililokuwa kwenye Sony Walkman ya 1979 na kwenye iPod ya 2001. Simu ndizo zilizoanza kuliacha. iPhone 7 iliondoa tundu hilo mwaka 2016 na nyingi zikafuata. Vicheza muziki vya mfukoni havijaliacha, na hiyo ni bahati yako, kwa sababu hedifoni za waya ndizo zinazotoa sauti bora kwa bei ya chini.

Kisha tazama pini ya hedifoni unayotaka kununua. Ikiwa na mistari miwili myeusi, ni ya sauti tu. Ikiwa na mitatu, ina waya wa nne kwa ajili ya maikrofoni. Ya mistari mitatu mara nyingi hukubali kwenye kicheza muziki, lakini si mara zote, kwa kuwa kuna mipango miwili tofauti ya kupanga waya wa maikrofoni na waya wa ardhi (ule wa pamoja unaorudisha umeme) kwenye pini hiyo. Mipango ikigongana utasikia ala ziko mbali na mwimbaji ametoweka. Ukibonyeza kitufe cha maikrofoni na mwimbaji akarudi ghafla, umeshajua tatizo ni hilo, wala usikubali kuambiwa kwamba “itazoea”. Ikiwa hupigi simu kwa kifaa hicho, chagua pini ya mistari miwili uepuke mambo yote haya. Waya nao huwa na sehemu moja pungufu ya kuharibika.

Jambo jingine ni redio. Vicheza muziki vingi vina FM, na waya wa hedifoni ndio antena yake. Ukiwa mpenzi wa Pwani FM au Baraka FM, hedifoni isiyo na waya itakunyima redio hiyo hata kama kifaa chako kina Bluetooth. Waya wenyewe ukinyooshwa hushika mawimbi vizuri kuliko ukikunjwa mfukoni.

Hatua ya pili: soma nambari mbili, nyingine ziache

Boksi huwa limejaa nambari. Hertzi 20 hadi 20,000 ndio upeo wa sikio la binadamu mwenye afya, na karibu kila hedifoni huandika kwamba inafika hapo au inapita. Nambari hiyo haikuambii chochote kuhusu sauti itakavyokuwa. Ukubwa wa spika ya ndani nao si kipimo cha ubora, kwani ziko spika za milimita 10 zinazoimba vizuri kuliko za milimita 40.

Zinazokuhusu ni ukinzani, yaani jinsi hedifoni inavyouzuia umeme, unaopimwa kwa omu, na usikivu, yaani sauti inayotoka kwa nguvu uliyoitia, unaopimwa kwa desibeli. Kicheza muziki cha mfukoni kina betri ndogo na nguvu kidogo, na nambari hizi mbili ndizo zinazosema kama kitaweza kuisukuma hedifoni uliyoichagua. Tuchukue hedifoni mbili zenye usikivu sawa wa desibeli 100 kwa miliwati moja, ila ya kwanza ina omu 32 na ya pili omu 250. Ili zifike desibeli hizo 100, ya kwanza inahitaji takriban volti 0.18 na ya pili inahitaji volti 0.5. Kifaa kisichoweza kutoa zaidi ya nusu volti kitakuwa kimefika mwisho wake kwa ile ya omu 250, huku ile ya omu 32 ikiwa bado na desibeli 9 za akiba. Ndiyo sababu mtu hununua hedifoni ya studio ya bei kubwa, akaichomeka kwenye mashine yake ndogo, akasikia sauti iliyodorora. Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, hutengenezwa kwa omu 32, kwa omu 80 na kwa omu 250. Ukiiona ya mtumba inauzwa rahisi, uliza kwanza ni ya omu ngapi.

Kwa kifaa cha mfukoni tafuta omu 16 hadi 60, na usikivu wa desibeli 98 au zaidi kwa miliwati. Uangalie hapo, kwa sababu baadhi ya kampuni huandika usikivu kwa volti badala ya miliwati, na nambari huonekana kubwa. Kwa hedifoni ya omu 32, desibeli 115 kwa volti ni sawasawa na desibeli 100 kwa miliwati. Usizilinganishe mbili kabla hujatazama kipimo kilichotumika.

Hatua ya tatu: utasikilizia wapi?

Anayepanda matatu kutoka Mtwapa au Changamwe kila asubuhi ana haja tofauti na anayekaa barazani Kibokoni jioni. Ndani ya matatu kuna injini, honi, makanga anayeita abiria, na pengine muziki wa dereva mwenyewe. Kwenye feri ya Likoni kuna injini na umati. Mahali kama hapo hedifoni iliyo wazi haifai, kwani utaongeza sauti mpaka ishinde kelele, na masikio ndiyo yatakayolipa. Huko iafoni za kuingia ndani ya tundu la sikio, zenye raba, ndizo zinazofaa. Raba inaziba kelele isiingie, nawe unasikiliza kwa sauti ya chini.

Anayetembea barabarani nampa ushauri wa kinyume kabisa. Bodaboda na tuktuk hazingoji mtu mwenye masikio yaliyozibwa. Tumia iafoni za zamani zile bapa, zisizoziba sikio, au hedifoni ndogo ya sponji inayokaa juu ya sikio. Ukiwa na za raba, toa sikio moja unapovuka.

Kwa kukaa nyumbani, hedifoni kubwa inayofunika sikio zima ndiyo yenye raha, lakini hapa kwetu kuna joto. Ngozi ya plastiki juu ya sikio kwa saa moja, bila feni, ni jasho tupu, na ngozi hiyo haimalizi muda mrefu kabla ya kuanza kubanduka vipande vyeusi vinavyobaki shavuni. Ukipata zenye kitambaa badala ya plastiki, chukua hizo.

Wanaovaa mtandio nao wana la kufikiria. Hedifoni ya juu ya sikio ikikaa juu ya kitambaa hupoteza besi, kwa kuwa hewa inavuja. Iafoni ya ndani ya sikio chini ya mtandio haina tatizo hilo, na ikiwa waya wake unapita nyuma ya sikio haivutwi kitambaa kinapogeuka. Wenye miwani vilevile: mkono wa miwani huacha upenyo chini ya hedifoni kubwa.

Hatua ya nne: raba inayokutosha

Hapa ningependa ukae zaidi, maana ndipo pesa za watu wengi zinapopotea. Besi ya iafoni inategemea kuziba. Spika ya ndani ni ndogo mno. Inaweza kutoa mawimbi mazito kwa sababu tu hewa iliyo kati yake na ngoma ya sikio imefungiwa. Raba ikiacha upenyo mdogo, besi yote inatoroka, na unabaki na sauti nyembamba inayochoma. Mtu husema “iafoni hii mbovu”, kumbe raba ndiyo isiyomtosha.

Boksi la iafoni nzuri huja na raba za saizi tatu. Zijaribu zote, tena kila sikio kwa nafasi yake, kwa kuwa masikio mawili ya mtu mmoja si lazima yalingane. Namna ya kuivaa ni hii: kwa mkono wa upande wa pili, vuta sikio juu kidogo na nyuma ili tundu linyooke, kisha ingiza iafoni huku ukiizungusha taratibu, halafu liachie sikio. Cheza muziki wenye besi, ibonyeze iafoni kwa kidole polepole. Besi ikiongezeka unapobonyeza, raba haijaziba, jaribu kubwa zaidi. Ikiwa sikio linauma baada ya dakika chache, jaribu ndogo. Raba za sponji, zile unazozibana kwa vidole kabla ya kuziingiza, huziba vizuri kuliko silikoni, lakini hunyonya jasho na kuchakaa upesi. Kwa hali ya hewa ya pwani ningeanza na silikoni.

Kwa hedifoni kubwa, shika kichwa kitikise kama mtu anayekataa jambo. Isiteleze, wala isibane taya. Kubana kidogo kutalegea kwa kutumika. Kulegea hakuna dawa.

Hatua ya tano: muziki wako ni upi?

Hedifoni nyingi za bei ya chini zimetengenezwa kwa kuzidisha besi, kwa sababu besi ndiyo inayomvutia mnunuzi katika sekunde kumi za kujaribu. Kwa Gengetone au Amapiano huenda ukaridhika nayo. Lakini mpenzi wa taarabu ya Mombasa ataumia. Udi wa Zein l'Abdin unakaa katikati ya upeo wa sauti, na ladha yake iko kwenye mguso wa waya na ule mtetemo unaobaki nyuma yake. Besi ikijaa, mguso huo unafunikwa. Hali ni hiyohiyo kwa sauti ya Juma Bhalo, ambayo inahitaji hedifoni inayotoa sauti ya mtu mbele na wazi. Tashkota, ala ya nyuzi yenye vitufe iliyotia utamu nyimbo za Zuhura Swaleh, ina ncha kali. Hedifoni yenye sauti za juu zilizotiwa chumvi itaifanya ikuchome. Saksafoni ya Mzee Ngala katika bango, muziki wa pwani, ni kipimo kizuri pia: isikike nzito na laini, isiwe na kelele ya puani.

Kuna jambo ambalo nadra kulisikia likisemwa dukani. Taarabu nyingi tulizo nazo zilitolewa kwenye kaseti, na kaseti zina mchakacho. Hedifoni yenye sauti za juu zilizozidishwa huuvuta mchakacho huo mbele, na baada ya nusu saa kichwa kinauma. Kwa rekodi za zamani chagua hedifoni yenye sauti za juu tulivu. Mwenye kusikiliza mawaidha, kasida au kisomo cha Qur'ani achague hivyohivyo, kwa sababu herufi za s na sh ndizo zinazochoma kwanza.

Faili nayo ina neno. Wimbo uliobanwa mpaka kilobiti 64 kwa sekunde hautanyanyuliwa na hedifoni yoyote. Nzuri itauonyesha ubaya wake waziwazi zaidi. Kabla ya kulaumu hedifoni, jaribu wimbo wa kilobiti 256 au 320.

Hatua ya sita: dukani

Nenda na kicheza muziki chako, chaji imejaa, na nyimbo ulizozizoea. Usikubali kujaribu kwa simu ya muuzaji pekee, kwa kuwa si simu yake utakayosikilizia. Mwambie kwa upole, “Kaka, niruhusu niisikie kwa mashine yangu.” Muuzaji mwaminifu hakatai. Iafoni za ndani ya sikio wengine hawakubali zivaliwe, kwa sababu za usafi, na wana haki. Chukua raba zako safi kutoka nyumbani, mtaelewana.

Zima kwanza mapambo yote ya sauti kwenye kifaa, kama kile cha kuongeza besi. Kisha cheza rekodi ya zamani ya mono, yaani yenye sauti ileile kwa masikio yote mawili, na taarabu za kale zimejaa aina hiyo. Sauti ya mono lazima ikae katikati ya kichwa. Ikiegemea upande mmoja, geuza hedifoni, ya kulia uitie kushoto. Mwegemeo ukihama pamoja na hedifoni, kosa ni la hedifoni au la kifaa: jaribu hedifoni nyingine kwenye kifaa hicho, na hiyo ikikaa katikati, spika za ile ya kwanza hazilingani, irudishe. Ukibaki palepale, tatizo liko kwenye sikio lako. Na ikiwa mwimbaji anasikika kama yuko nje ya kichwa, hajulikani alipo, na besi haipo, waya wa spika moja umeungwa kinyume. Kosa hili lipo kwenye bidhaa za bei rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Halafu shika waya karibu na pini, uuchezeshe huku muziki ukiendelea. Fanya hivyo pale unapogawanyika, na pale unapoingia kwenye kila sikio. Mkwaruzo au sikio linalokatika, hata mara moja, ni dalili tosha. Hapo kwenye pini ndipo hedifoni nyingi zinapofia, kwa hiyo tazama kama ina raba ndefu inayopindika, na kama pini ni ya kona. Kwa kifaa cha mfukoni pini ya kona haivunjwi kirahisi unapoketi.

Kilicho bora kuliko yote ni waya unaotoka. Siku hizi ziko iafoni za bei nafuu ambazo waya wake unachomolewa kwenye kila sikio, kwa pini mbili za milimita 0.78 au kwa kishikizo cha MMCX. Waya ukifa unanunua waya tu. Kama kuna kitu kimoja ningekusihi uongezee pesa, ni hiki.

Omba risiti, na mkubaliane kwa maneno wazi ni siku ngapi unaweza kurudisha. Jina kubwa kwa bei ya kutupa ni dalili ya bandia. Angalia maandishi ya boksi kama yamekosewa, na kama nambari ya modeli kwenye boksi ndiyo iliyo kwenye hedifoni yenyewe.

Kiasi gani cha pesa, na kipi cha kutazama

Kati ya shilingi 1,000 na 3,000 kuna mambo mengi mazuri. Sony MDR-ZX110 ni hedifoni ndogo ya juu ya sikio, ya omu 24 na desibeli 98 kwa miliwati; mashine yoyote ndogo inaimudu. Kwa iafoni, kampuni za China kama KZ na Moondrop zimeshusha bei ya ubora kwa namna ambayo miaka kumi na tano nyuma haikuwezekana. KZ EDX Pro ina waya unaotoka na besi nyingi. Moondrop Chu, iliyotoka 2022, inatoa sauti ya mtu kwa utulivu zaidi, nami kwa taarabu ningeichukua hiyo, ila waya wa Chu ya kwanza hautoki.

Ukiweza kuongeza, Koss Porta Pro iliyoanza kuuzwa 1984 ingali inatengenezwa, na ina sababu. Ni nyepesi, ina sponji, haichomi, na omu zake 60 na desibeli 101 hazikisumbui kifaa kidogo. Iko wazi, kwa hiyo ni ya barazani, si ya matatu. Ndugu yake KSC75 hutumia ndoano ya sikio badala ya utepe wa kichwani, na bei yake ni ya chini. Ukiagiza kutoka ng'ambo, kumbuka kujumlisha usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16 kabla ya kusema umepata rahisi.

Kuhusu zisizo na waya: ikiwa kifaa chako kina Bluetooth na unafanya mazoezi, zina nafasi yake. Lakini katika bei ya chini, sehemu ya pesa zako imelipia betri na kipokezi cha Bluetooth, si sauti, na betri ile ndogo itachoka hata kama spika bado nzima.

Kuitunza katika hewa ya chumvi

Hewa ya bahari na jasho hula chuma. Ukimaliza kusikiliza, futa pini na iafoni kwa kitambaa kikavu, kisha uziweke kwenye kikopo chenye kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Raba zitoe uzioshe kwa maji na sabuni, zikauke kabisa kabla ya kurudi. Kichujio cha iafoni kisafishe kwa brashi kavu, uso wake ukitazama chini ili nta ianguke nje. Usitie spiriti hapo. Usiufungie waya kwenye kifaa kwa kuukaza; ukunje kwa mizunguko mipana.

Pini ikifa, usitupe kabla hujamwona fundi wa simu. Pini mpya ni pesa kidogo. Mwambie tu kwamba nyaya nyembamba za ndani zimepakwa rangi inayozuia umeme, na lazima ichomwe au ikwanguliwe kabla ya kulehemu, la sivyo risasi haitashika. Kwa kawaida nyekundu ni kulia, kijani au buluu ni kushoto, na ya rangi ya shaba ni ya ardhi. Waya wa ardhi ukiachwa bila kuunganishwa, mwimbaji atatoweka kama nilivyoeleza pale juu, kwa hiyo usilipe kabla hujasikia sauti ya mtu.

Kiasi cha sauti

Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa mtoto. Ukifika desibeli 90, muda unashuka mpaka saa 4 kwa wiki nzima. Iafoni ya omu 32 uliyoichagua kwa mwongozo huu inaweza kupita hapo kwa urahisi, kwani kila nguvu inapozidi mara mbili sauti hupanda desibeli 3. Weka sauti ukiwa mahali kimya, kumbuka nambari iliyo kwenye kioo, na usiipite ukiwa kwenye matatu. Ikiwa haitoshi huko, tatizo ni raba, rudi kwenye hatua ya nne. Vicheza muziki vingi vina mpangilio wa kufungia kikomo cha sauti. Kama kifaa kinashikwa na watoto nyumbani, fungua mpangilio huo leo ukifunge kabla hujawapa.